Kinu Kilichozimwa Adhuhuri

Watu wa Nguvumali, Tanga, walikwisha kumtungia Bi Tabia maradhi matatu. Wa kwanza walisema ana presha. Wa pili wakasema karogwa na mawifi. Wa tatu, na hao ndio hatari kuliko wote, walisema anatafuta mume. Maana mwanamke wa miaka hamsini na mitatu, katoka eda juzijuzi tu, ana shughuli gani ya kusimama kila siku nyuma ya ukuta wa karakana, beseni tupu la mikate ya kumimina kiunoni, kaegemeza sikio kwenye bati kama mtoto anayechungulia harusi?

Bi Tabia hakuwa na maradhi hata moja kati ya hayo. Alikuwa anasikiliza kinu.

Karakana yenyewe iko upande wa kuendea Usagara, jengo la bati jekundu ambalo ukipita unaweza kudhani ni ghala la saruji. Ndani mna pipa la chuma cha pua, ukubwa wake kama sufuria ya wali wa watu kumi, limelazwa ubavu na mota inalizungusha. Mle ndani hutiwa unga wa madini yanayoitwa magnesi pamoja na gololi za chuma mia mbili, kisha kifuniko hukazwa kwa boliti nane na pipa hujazwa hewa ya hidrojeni. Pipa likizunguka, gololi hupanda na kuanguka, hupanda na kuanguka, na kila chembe ya unga inapopasuka hidrojeni hupata mlango, ikaingia na kujikalia humo. Unga ukishashiba hutiwa mtungini. Siku ya haja hupashwa moto, nao huirudisha ile hewa, ikawasha taa. Waliojenga karakana walitaka kuhifadhi kwa njia hiyo umeme wa jua wa mchana, ambao ndio unaoitoa hidrojeni kwenye maji, kwa ajili ya zahanati za visiwa vidogo ambako nguzo za umeme hazitafika leo wala mwakani.

Wataalamu wana majina marefu ya kazi hiyo. Massoud, mumewe Bi Tabia, aliyekuwa msagaji wa kinu hicho miaka miwili ya mwisho wa uhai wake, aliieleza kwa maneno machache. "Twaulisha unga hewa," alisema, "na unga una adabu zake za kula."

Wote wawili walikuwa watu wa Konde, Pemba, nyumba zao zimetenganishwa na mikarafuu minne. Massoud alivuka kuja Tanga kijana, akaajiriwa kwenye kiwanda cha chokaa, akawekwa kwenye kinu kikubwa cha gololi kinachosaga mawe. Aliporudi kuposa alikuwa bado na chokaa kwenye nyusi. Baba yake Tabia alimtazama kwa muda, akasema, "Mwogesheni kwanza tujue rangi yake, ndipo tuzungumze mahari." Tabia alikuwa nyuma ya pazia anachambua karafuu, akacheka mpaka akamwaga sinia. Kicheko hicho Massoud alikisikia, na alimkumbusha kwa miaka thelathini.

Kiwanda cha chokaa kilimpa Massoud ujuzi na kikamla sikio la kulia. Hakujali. Alikuwa akiweka kiganja juu ya pipa linalozunguka, anafumba macho, anakwambia kama gololi zinaanguka inavyotakiwa au zinateleza tu. Ndiyo maana Nehemia, injinia wa Kipare aliyeanzisha ile karakana, aliposikia habari zake alimfuata mpaka nyumbani. Nehemia alikuwa na shahada mbili na mizani ya kupima nywele, lakini hakuwa na kiganja kile.

Mambo ya simu aliyaleta Asmaa, binti yao wa pekee, aliyeolewa Chake Chake. Mwaka wa mwisho wa baba yake aliwanunulia wazazi wake simu mbili zinazofanana, akawafundisha kutumiana ujumbe. Massoud kuandika hakuweza, vidole vyake vilikuwa vinene na herufi zilikuwa ndogo. Akajifunza kutuma sauti. Kila siku ya kazi adhuhuri ilipoingia, Bi Tabia yuko jikoni anapalia wali makaa, simu ililia. Akibonyeza, kwanza husikia kinu kinanguruma. Halafu kwa mbali adhana. Halafu kinu kinapunguza mwendo, gololi zinaanguka mojamoja, kimya. Ndipo husikia sauti ya Massoud: "Tabia, nshakizima. Nnakwenda swali. Nibakishie ukoko."

"Na hicho kinu wanisikilizisha cha nini kila siku?" alimuuliza siku moja.

"Usije ukasema nilikuwa barazani nacheza bao."

Alasiri ilipoingia alituma tena. Maneno mengine yalibadilika, jua kali, mkaguzi kaja, mpigie Asmaa. Ukoko haukubadilika. Massoud alipenda ukoko wa wali wa nazi kuliko wali wenyewe, na mwanamke wa Kipemba anayejua kupika anajua pia kuuacha ukoko uungue kidogo kwa makusudi kwa ajili ya mtu mmoja.

Alifariki Jumanne moja ya Rajabu, msikitini, rakaa ya tatu ya alasiri. Alisujudu hakuinuka. Watu waliokuja kumzika walimwambia Bi Tabia kwamba kifo cha namna hiyo ni cha kutamaniwa. Yeye hakukitamani. Alimtamani Massoud.

Eda alikaa miezi minne na siku kumi, ndani, nguo nyeupe, bila marashi. Muda wote huo simu ilikuwa chini ya mto. Jumbe za sauti zilikuwa mia nne na kumi na mbili. Alijiwekea sharti la kusikiliza mmoja tu kwa siku, wakati wa adhuhuri, kuanzia wa kwanza, kama mtu anayekula akiba ya msimu wa njaa. Siku alipotoka eda majirani walitegemea kumwona sokoni au kwa shoga zake. Alikwenda moja kwa moja mpaka ukuta wa karakana, akaweka sikio kwenye bati, na kinu kilikuwa kinanguruma vilevile. Alilia pale kwa raha. Sauti ile nusu yake ilikuwa mumewe, na ile nusu ilikuwa bado hai.

Ndiyo sababu Asmaa alipopiga simu kumwambia, "Mama rudi Pemba, unakaa na nani huko?" jibu lake lilikuwa, "Bado bado mwanangu," wala hakueleza zaidi. Angeelezaje? Kwamba anabaki Tanga kwa ajili ya pipa?

Lakini baada ya mwezi mmoja wa kusimama ukutani, kwanza asubuhi tu kisha mpaka mchana, alianza kusikia kinu kinalia vibaya. Asubuhi kilikuwa sawa, gololi zinaanguka kwa uchangamfu. Ikifika saa tano sauti inakuwa nzito. Ikifika saa saba hakuna tena kuanguka, ni mburuzo tu, gololi zinateleza kama miguu ya mtu mwenye usingizi. Bi Tabia hakujua neno la kitaalamu hata moja, ila alijua kwamba Massoud asingekubali sauti ile hata robo saa.

Wiki ya pili ya mwezi ule Nehemia alikuja mwenyewe, siku ya Jumapili, maana Nehemia ni Msabato na Jumamosi humpati hata ukimtafuta kwa polisi. Alivua viatu mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani, pole na jua."

Alipewa maji, akanywa, akazunguka maneno kama desturi ilivyo, kisha akasema lililomleta. Tangu Massoud aondoke, unga haujakubali. Zamani gramu mia moja za unga zilikuwa zikimeza karibu gramu sita za hidrojeni. Sasa hazimezi hata mbili. Unga unagandia ukutani mwa pipa. Msagaji mpya, Eliudi wa Muheza, ni kijana hodari, hana uvivu, hata hivyo wapi. Wafadhili wamechoka kusubiri. Mwisho wa mwezi unga usipofika kiwango, kinu kitapakiwa lori kupelekwa Arusha.

Bi Tabia aliipokea bilauri tupu kutoka kwa Nehemia. "Arusha," alisema.

"Ndiyo, mama. Sasa nimekumbuka, mzee alikuwa akisema anakutumia sauti kila siku, na kinu kinasikika. Ningeomba nisikilize. Nipime tu kilivyokuwa kikizunguka."

"Mle mna mume wangu, Nehemia. Si kinu peke yake."

"Nahitaji kinu tu, mama. Hayo mengine sitayasikiliza."

"Utayatenganishaje?" alimuuliza, na sauti yake ilikuwa kali kuliko alivyokusudia. "Hayo ni maneno ya mtu na mkewe. Hata Asmaa sijampa. Nisamehe mwanangu, sitaweza."

Nehemia hakubisha. Alivaa viatu, akaaga kwa heshima, akaondoka. Bi Tabia akabaki amekaa mkekani na simu mkononi, na wivu umemjaa kifuani, wivu wa kumwonea marehemu, kama vile kuna mtu amekuja kuomba kumwazima.

Jioni ile Asmaa alipiga. Safari hii Bi Tabia alimwambia yote, ukuta, bati, sauti, Arusha.

"Mama," alisema Asmaa, "ukizificha hizo sauti, kinu kitaondoka. Kikishaondoka utakwenda kusimama ukuta gani?"

Swali hilo lilimkosesha raha. Kesho yake hakupika mikate. Alioga, akavaa baibui lake la kutokea, akatia simu kwenye mkoba, akaenda karakana, na kwa mara ya kwanza akapita mlangoni badala ya nyuma.

Alimkuta Eliudi ameingiza mikono kwenye glovu ndefu za sanduku la kioo, maana unga ule ukikutana na hewa ya nje kwa ghafla huweza kuwaka. Ndani ya sanduku lilikuwamo pipa, kifuniko wazi. Eliudi alikuwa anakwangua. Ukutani mwa pipa palikuwa pamegandia tabaka la kijivu, gumu, nene kama sarafu, na gololi nyingine zimenaswa humo humo.

Bi Tabia aliinama akatazama. "Huo ukoko," alisema.

Eliudi alicheka kidogo, jasho linamtiririka. "Kweli mama, ni ukoko. Na hauliki."

Nehemia alileta viti. Bi Tabia alitoa sharti lake kabla hajakaa: simu ataishika mwenyewe, na kila ujumbe ataukata kabla mumewe hajasema. Wakakubali. Akabonyeza wa kwanza. Kinu kikanguruma, gololi zikaanguka vizuri, adhana ikasikika kwa mbali, kinu kikapunguza mwendo, kimya, akakata. Akabonyeza wa pili, wa tatu, wa nne. Nehemia alikuwa ameweka mashine yake ya kupimia sauti karibu, anaandika tarakimu. Mwendo wa pipa ulikuwa uleule wa sasa. Idadi ya gololi, kwa jinsi alivyosikia, ileile. Alianza kukata tamaa, ilionekana usoni.

"Mbona kila mara kinazimwa?" Eliudi ndiye aliyeuliza.

Bi Tabia alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji yana unyevu. "Si adhana hiyo inaadhiniwa?"

"Ndiyo, lakini alizima kinu?"

"Aende kuswali na kinu kinazunguka, akimwachia nani? Nyinyi hamkizimi kwa kuwa adhana si yenu, nikaona si neno."

Nehemia aliacha kuandika. "Kila siku, mama?"

"Kila siku. Saa nne anazima, anaswali rakaa mbili za dhuha pale kwenye mkeka wake. Adhuhuri anazima, anakwenda msikitini, anakula, anajinyoosha kidogo. Alasiri anazima tena. Hizi sauti nilizisikiliza zote mia nne na kumi na mbili siku zilipoingia, hakuna hata moja ambayo kinu hakikuzimwa."

Nehemia aliondoka kitini, akaenda kwenye saa iliyofungwa ubavuni mwa mota, akasimama mbele yake mikono kiunoni. Saa ile huhesabu muda pipa linapozunguka tu. Likisimama, nayo inasimama. Kwenye daftari lake kila usagaji wa Massoud uliandikwa saa kumi na mbili, na kila usagaji wa Eliudi uliandikwa saa kumi na mbili, na kwa miezi yote hiyo alikuwa akizitazama tarakimu mbili zinazolingana na kujiuliza tofauti iko wapi.

"Mzee alikuwa anachukua siku mbili," alisema polepole. "Eliudi anamaliza kwa siku moja. Mimi nilifurahi. Nilidhani ni uzee."

"Ulidhani ni uzee!" Bi Tabia alisema, na hasira ilimpanda kweli. "Huyo mtu alibeba mawe ya chokaa miaka thelathini, uzee ulimjia lini? Wewe na elimu yako yote, umewahi kupika wali kwa moto mmoja mwanzo mpaka mwisho? Moto unapunguzwa. Sufuria inaachwa ipumue. Usipoiacha, ndiyo hivyo kijana anakwangua."

Eliudi alikuwa ameshatoa mikono kwenye glovu. Yeye ni Mbondei wa kanisani, adhana kwake ni sauti nzuri inayopita hewani, haina amri juu yake. "Mimi hata chakula nakula nimesimama hapa," alisema, uso umemshuka. "Sikutaka kizime. Niliona nikikizima nitakuwa mvivu, baada ya mtu kama yule."

Hasira ya Bi Tabia ikaisha palepale. Akamwonea huruma, akambonyezea ujumbe mwingine ausikie, na katika huruma ile akasahau kuukata. Ujumbe aliokuwa ameubonyeza ukapita kimya cha kinu, ukaendelea, na sauti ya Massoud ikajaa karakana nzima, nene, ya karibu, yenye kicheko kidogo mwishoni:

"Tabia, nshakizima. Nnakwenda swali. Nibakishie ukoko."

Nehemia alitazama viatu vyake. Eliudi, ambaye hakuwahi kumwona Massoud hata siku moja, alivua kofia yake. Bi Tabia alingojea aibu imshike, ikawa haikumshika. Ilimjia hamu tu, hamu ya kumwona yule mtu anaingia pale mlangoni anajipangusa mikono, akawacheka wote watatu.

Siku iliyofuata walitia unga mpya. Saa nne Eliudi alizima kinu, akakaa kwenye mkeka wa marehemu akasoma Zaburi yake, maana alisema haifai kukaa bure. Nehemia aligusa pipa kwa kiganja kila lilipozimwa, likiwa la moto mwanzoni, likipoa taratibu kabla unga haujapata joto la kugandia. Bi Tabia alikuja siku zote mbili. Alikaa kwenye kiti karibu na mota, na safari hii hapakuwa na bati kati yake na sauti. Jioni ya siku ya pili walipofungua pipa ndani ya sanduku la kioo, unga ulimwagika wote, mwepesi, mweusi, kama masizi, na kuta zilikuwa safi. Kwenye kipimo, gramu mia zilimeza gramu tano nukta tisa. Nehemia alipiga simu Dar es Salaam kwa sauti ambayo ilisikika mpaka barabarani. Walirudia mara tatu zaidi ili wafadhili wasije wakasema ni bahati, na kabla mwezi haujaisha ikaja barua: kinu kibaki Tanga.

Alhamisi iliyofuata Bi Tabia aliwapelekea wali wa nazi kwenye bakuli la udongo, na ukoko wote pembeni, umeungua kidogo. Alifika karibu na saa sita na nusu. Kinu kilikuwa kinanguruma vizuri, gololi zinapanda na kuanguka, sauti ileile, hakuna tofauti hata ya unywele. Alikaa kwenye kiti chake akafumba macho. Kwa mbali muadhini akaanza. Eliudi akainuka, akabonyeza swichi. Kinu kikapunguza mwendo, gololi zikaanguka mojamoja, ikabaki moja, kisha kimya.

Bi Tabia akangoja.

Alijua kwamba hakuna cha kungojea. Mwili wake ndio haukujua. Mia nne na kumi na mbili zilikuwa zimeufundisha kwamba baada ya kimya hicho huja sauti, na wakati kinu kilipokuwa kinalia vibaya aliweza kujidanganya kwamba sauti haiji kwa sababu kinu kimeharibika. Sasa kimetengenezwa. Kila kitu kilikuwa mahali pake, adhana, swichi, gololi ya mwisho, na mtu hayupo. Alifikiri, nimekiokoa ili kinioneshe hivi. Machozi yalimtoka asiyazuie. Nehemia na Eliudi walitoka nje polepole wakamwachia karakana.

Aliifungua simu, akaenda kwenye jina la Massoud, akaweka kidole pale alipokuwa hagusi, kwenye alama ya kusema.

"Massoud," alisema. "Wameshakizima. Nnakwenda swali. Ukoko wako upo."

Akaachia kidole. Ujumbe ukaondoka, ikatokea tiki moja. Aliitazama mpaka adhana ikaisha, ikabaki moja. Akaitia simu mkobani, akaufunika wali kwa kawa, akaenda kutafuta maji ya kutawadha.